Chupa Nzima kwa Ndoo Moja

Ng'ombe kumi na mmoja wa Masele walikufa kwa dawa ambayo mwenyewe aliinunua. Maelezo ya dawa yalikuwa ya Kiingereza. Aliyeyasoma ni binti yake Kabula, mwanafunzi wa kidato cha pili. Kabula hakuelewa alichosoma, na hakusema kwamba hakuelewa.

Watu wa kijiji chao, Mwasita, wanadhani habari hii ilianzia kwenye chupa. Sivyo. Ilianzia kwenye madaftari.

Masele alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji, nje kidogo ya Bariadi. Ujanani aliwahi kuwa nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wa kulima. Kazi yao ilikwenda hivi. Mtu akizidiwa na palizi, anawaita. Wanakuja na majembe asubuhi na mapema. Wanajipanga mstari mmoja, ngoma inapigwa, na jua halijawa kali shamba limekwisha. Mwenye shamba anawapikia ugali na nyama. Hakuna anayeuliza magugu yameng'olewa na mkono wa nani. Linaulizwa jambo moja tu: shamba limekwisha?

Masele alilea watoto wake kwa akili hiyo. Mtoto wa kwanza, Mayige, alikuwa kijana wa kuoa. Kabula alikuwa wa pili, na ndiye mtu wa kwanza wa ukoo ule kuingia sekondari. Nyumbani walisema Kisukuma. Shule ya msingi alisoma kila kitu kwa Kiswahili. Alipofika sekondari, kila somo likawa Kiingereza, hata somo la kilimo.

Jioni alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na zizi, daftari magotini. Ng'ombe wanarudi, wanakamuliwa, yeye bado anatazama ukurasa mweupe.

"Kazi imekuzidi?" baba yake alimuuliza siku moja.

"Ngumu, baba. Tumepewa hadithi ya Kiingereza. Tujibu maswali."

"Sasa mbona unahangaika peke yako kama yatima? Sisi hatuna watu?"

Mtu alikuwepo. Aliitwa Novatus. Alikuwa karani wa kampuni moja ya kununua pamba. Wakati huo chama cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi wa peke yake, na makampuni yalikuwa yanakuja na mizani zao na makarani wao. Novatus alimaliza kidato cha nne, na alipanga chumba jirani na Masele.

"Ngosha," Masele alimwambia, akimwita mwanamume kwa Kisukuma, "nina kashamba ka Kiingereza kamejaa magugu. Njoo unipalilie."

Novatus alicheka. "Eka ngapi, mzee?"

"Ukurasa mmoja."

"Hiyo napalilia nikiwa nimelala. Kitoweo ni nini?"

"Maziwa ya mgando."

"Kibuyu kijae, lakini. Kiingereza kinakausha koo."

Basi ikawa ndiyo desturi. Novatus alikuja jioni, akaandika majibu kwenye karatasi, akanywa maziwa yake. Kabula aliyanakili kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri. Mwalimu wa sekondari alikuwa na wanafunzi wengi na madaftari mlima mzima. Aliona majibu sahihi, akapiga vema nyekundu. Ishirini kwa ishirini. Tena ishirini kwa ishirini.

Masele alikuwa anawaonyesha wageni daftari lile kabla hawajapewa hata maji ya kunywa.

Siku moja Kabula alisema, "Baba, kesho niache nifanye mwenyewe."

"Ili upate nne?"

"Labda."

"Mtu anayepata ishirini anataka nne? Shetani gani amekuingia?"

Mama yake, Milembe, alikuwa anapepeta mtama. "Mimi naona anayefanya ni Novatus," alisema.

"Na shamba la mama yako lililimwa na nani mwaka ule alipougua?" Masele alimjibu. "Nililima mimi na vijana wangu. Pamba ilipovunwa, tuliiandika jina langu?"

Milembe aliinamia ungo wake. Aliendelea kupepeta. Kabula akanakili.

Mwaka huo josho la kijiji lilikuwa limekauka. Zamani serikali ilileta dawa, na ng'ombe wote waliogeshwa. Sasa dawa haikuja. Kila mfugaji aliambiwa ajinunulie. Mvua zilipoanza, kupe walijaa kwenye masikio ya ng'ombe. Masele alipoteza ndama kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Akaogopa. Alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Watatu alikuwa amewapeleka Ipililo kwa mjomba wake awachunge. Kumi na mmoja walikuwa hapa zizini, na wanane kati yao walikwisha ahidiwa. Mayige alikuwa anamposa msichana aitwaye Debora, na wale ndio waliokuwa mahari.

Masele alikwenda mnadani akanunua chupa ya dawa ya kupe kwa mchuuzi. Akaazima na bomba la kupulizia.

"Inachanganywaje?" alimuuliza mchuuzi.

"Soma kwenye chupa, mzee. Imeandikwa yote."

"Ni Kiingereza."

"Huna msomi nyumbani?"

Masele alijisikia vizuri. "Ninaye," alisema.

Asubuhi iliyofuata alimwita Kabula zizini. Novatus hakuwepo. Msimu wa kununua pamba ulikwisha, na kampuni ilikuwa imemwita Mwanza. Majirani wawili walikuja kutazama. Shemeji yake Masele, mjane wa kaka yake, alikuwepo pia. Aliitwa Nyanjige. Mama huyu mzee aliishi peke yake ng'ambo ya ua wa minyaa. Alikuja kuomba moto, akasimama mlangoni mwa zizi akiwa na kigae chake.

"Soma," Masele alisema.

Kabula alisoma. Shuleni walizoea kusoma kwa sauti wakimfuata mwalimu, kwa hiyo ulimi wake ulikuwa mwepesi. Maneno yalitoka bila kukwama. Majirani walitazamana.

"Mzungu mtupu," mmoja alisema.

"Haya," alisema Masele. "Inasemaje?"

Kabula aliitazama chupa. Aliona maandishi madogo, mistari mingi. Aliona tarakimu kadhaa. Palikuwa na neno lita, na kando yake namba moja. Chupa yenyewe ilikuwa ya lita moja. Mengine hakuyajua. Alimtazama baba yake. Alitazama majirani. Alifikiria lile daftari.

"Inasema chupa moja," alisema.

"Kwa maji kiasi gani?"

Aliitazama ndoo iliyowekwa kando ya bomba. "Ndoo moja."

Mayige alikuwa amekwisha kuvaa bomba mgongoni. "Chupa nzima kwa ndoo moja? Mbona kali hivyo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," Kabula alisema.

"Ndiyo maana kupe wetu hawafi," jirani mmoja alisema. "Tulikuwa tunaweka kidogo kama chumvi."

Wakamimina chupa yote. Mayige akapuliza ng'ombe mmoja mmoja, migongo, matumbo, masikio. Alivua shati ili lisilowe.

Kabla ya mchana ng'ombe wa kwanza alianza kutoa mate. Yalining'inia kama uzi. Kisha miguu ikatetemeka. Alijaribu kusimama, akaanguka kwa ubavu, akawa anapiga miguu kama anakimbia. Wa pili akafuata. Milembe alikimbia na maji, akawa anawaosha, lakini dawa ilikwisha kuingia. Mayige alianza kutapika. Walimpakia kwenye baiskeli wakampeleka zahanati. Yeye alipona.

Ng'ombe hawakupona hata mmoja. Jike moja jeusi lilikuwa na mimba kubwa. Lilikufa la mwisho.

Bwana mifugo alifika jioni kutoka Bariadi. Alinusa ngozi ya ng'ombe mmoja, akajipangusa mikono.

"Mmezidisha dawa," alisema. "Iko wapi chupa?"

Chupa haikuonekana. Kabula alikuwa ameificha ndani ya debe la mtama.

"Hatukuzidisha," Masele alisema. "Kipimo kimesomwa na mwanafunzi anayepata ishirini kwa ishirini."

"Basi mimi sijui. Chimbeni shimo. Nyama hii asile mtu, wala mbwa."

Hilo ndilo lililowaumiza wazee. Ng'ombe akifa, angalau watu wanagawana nyama. Hawa kumi na mmoja walifukiwa wote na ngozi zao. Hakuna aliyepata hata kipande cha maini.

Kesho yake wanaume walikaa kando ya lile shimo. Masele hakuwa amekula tangu jana. Alikuwa na swali moja tu, na alilizungusha.

"Dawa ni ya dukani. Kipimo ni sahihi, daftari linaonyesha. Sasa wamekufaje?"

"Kuna mkono wa mtu," alisema jirani mmoja.

"Nani alikuwepo?"

"Ulikuwepo wewe. Tulikuwepo sisi. Na yule mama alisimama mlangoni akiomba moto."

"Umewahi kumnyima moto?" mwingine aliuliza.

"Nampa kila siku," Masele alisema.

"Jana ulimpa?"

Masele alifikiri. "Jana nilimwambia asubiri."

Wakageuka kuutazama ua wa minyaa. Kisha yule jirani akasema polepole, "Na macho yake yale mekundu."

Macho ya Nyanjige yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka yote. Lakini katika nchi ile wazee wa kike wamewahi kukatwa mapanga kwa macho mekundu, eti ni ya kichawi, na kila mtu pale alilijua hilo. Walikubaliana waende kwa mganga asubuhi inayofuata, wakaulize.

Kabula alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Alisikia yote. Aliitua ndoo mlangoni. Akatoa ile chupa kwenye debe la mtama, akaifunga kwenye khanga, akaenda kwa Mwalimu Mektilda.

Mektilda alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Aliichukua chupa, akaisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari.

"Ulisema kipimo gani?"

"Chupa moja kwa ndoo moja."

Mwalimu alikaa chini.

"Kabula, lita moja hii ni ya kutia kwenye josho. Tangi zima. Kipimo cha bomba kiko hapa chini. Ni kifuniko kimoja kwa ndoo."

Kabula hakulia. "Wanasema ni Mama Nyanjige," alisema. "Kesho wanakwenda kwa mganga."

"Na wewe utasema nini?"

"Baba ataniua."

"Baba yako atakupiga. Yule mama ndiye atauawa. Twende."

Walimkuta Masele amekaa kwenye kinu kilicholala kando ya lile shimo. Wale wanaume walikuwa bado wapo.

"Mwadila, mzee Masele," mwalimu alisalimia.

"Mwadila, mwalimu. Umekuja kutupa pole?"

"Nimekuja na binti yako. Ana neno."

Kabula alipiga magoti mbele ya baba yake. Akaiweka chupa chini.

"Baba, mimi ndiye niliyewaua. Sikujua kilichoandikwa."

"Ulisoma. Sote tulisikia."

"Nilitamka tu. Sikuelewa. Kipimo nikakibuni."

"Wewe unapata ishirini."

"Anayepata ishirini ni Novatus, baba. Mimi nanakili."

Masele aliinuka na fimbo. Milembe akatoka ndani, akasimama katikati yao. Masele aliiangalia fimbo, akaitupa juu ya udongo wa lile shimo. Majirani waliinuka mmoja mmoja. Hakuna aliyesema tena habari za mganga. Hakuna aliyeaga pia.

Mwalimu Mektilda alibaki. Alikuwa mtu wa kusema wazi.

"Mzee Masele, binti yako alidanganya, na hilo ni kosa lake. Lakini aliogopa kusema sijui, kwa sababu wewe ulikwisha kuwaambia watu wote kwamba anajua."

"Nilimsaidia. Ulitaka nimwache azame?"

"Ulisaidia daftari. Yeye hukumsaidia. Shamba likilimwa na wengine, pamba inaota kwako. Kazi ya shule haiko hivyo. Ile kazi haitakiwi iishe tu. Inatakiwa yeye aifanye, akosee, mwalimu aone alipokosea. Nyinyi mlificha makosa. Mwalimu wake angejuaje kwamba haelewi?"

Masele alitazama zizi tupu.

"Mayige alijifunzaje kukamua?" mwalimu aliuliza.

"Nilimkalisha chini ya ng'ombe."

"Akaweza?"

"Aweze wapi. Alipigwa teke. Alimwaga maziwa msimu mzima."

"Kwa nini hukumkamulia?"

"Ningemkamulia, angejua lini?" Masele alisema. Kisha akaiokota ile chupa. Akaigeuzageuza, akiyatazama maandishi yale madogo.

Mwisho akasema, "Mimi sijui neno hata moja la Kiingereza. Nitamsaidiaje?"

"Kisukuma unakijua?"

"Unanitania, mwalimu."

"Sikutanii. Akisoma ukurasa, mwambie akueleze kwa Kisukuma umesema nini. Akikwama, ujue hajaelewa. Usimkaripie. Muulize, ni neno gani limekufunga? Aliandike pembeni. Maneno manne matano, basi, siyo yote. Atafute kwenye kamusi. Mimi ninayo, aje aitumie. Akikosa, kesho amuulize mwalimu wake."

"Na Novatus?"

"Novatus anafaa sana, anajua. Aeleze kwa mdomo. Lakini kalamu isitoke mkononi mwa mtoto. Na kitu kimoja zaidi." Alimgeukia Kabula. "Hapa nyumbani, mtu akisema sijui, asichekwe wala asipigwe. Hapo ndipo mtu anapoanzia kujifunza."

Milembe alisema, "Mimi nitamsikiliza. Kisukuma changu kinatosha."

Novatus aliporudi kutoka Mwanza, alitoa pole yake, akapewa kibuyu cha maziwa ya kuomba kwa jirani. Alinyoosha mkono kuchukua daftari kama alivyozoea. Masele aliliondoa.

"Kaa mbali kidogo, ngosha. Leo unapalilia kwa mdomo."

Novatus hakucheka. Alijua habari yote. Aliuliza swali moja kwa Kiswahili, Kabula akafikiri, akajibu kwa Kiingereza kibovu. Akaliandika jibu hilo hilo.

Wiki ile Kabula alipata nne kwa ishirini. Alimletea baba yake daftari. Ukurasa ulikuwa umejaa wino mwekundu.

"Hii nne ni ya nani?" Masele aliuliza.

"Yangu."

"Haya. Tueleze ulipokosea."

Akaeleza, kosa moja baada ya jingine, kwa Kisukuma, mama yake akisikiliza huku anapepeta. Jioni iliyofuata vivyo hivyo. Walisoma kila kitu kilichokuwa na Kiingereza nyumbani: mfuko wa mbolea, karatasi ya sabuni, vidonge vya malaria. Neno lisilojulikana waliliandika. Alama zikawa sita. Zikashuka. Zikawa tisa.

Mtihani wa kidato cha pili ulimkuta bado yuko nyuma. Alifeli. Akarudia darasa. Mwaka uliofuata alipita, kwa alama za kawaida, zake mwenyewe.

Siku hizi majirani wanamletea chupa za dawa ya pamba na ya mifugo. Anasoma polepole. Mara nyingine anamwambia mtu, "Hapa sielewi. Usiitumie mpaka niulize." Mtu huyo anasubiri. Hakuna tena aliyepoteza mnyama pale Mwasita kwa kipimo kibaya.

Hayo ni mafanikio, na ni ya kweli. Lakini yalilipiwa, na mliosoma mpaka hapa mjue bei yake.

Walikufa ng'ombe kumi na mmoja, na ndama mmoja tumboni. Watatu waliokuwa Ipililo hawakutosha mahari. Wazazi wa Debora walisubiri mavuno mawili, kisha wakamwoza kwa mtu wa Kiloleli. Mayige alikwenda ziwani Lamadi kutafuta kazi ya samaki, na mikono yake, tangu siku ile ya dawa, inatetemeka akishika kitu kidogo. Mwaka mmoja wa shule ulirudiwa. Na Nyanjige, ambaye hakuguswa na mtu, alijua kilichosemwa kando ya shimo. Alifunga mlango wake akahamia kwa binti yake, huko Mkula. Milembe alimfuata mara mbili kumbembeleza. Hakurudi. Kutoka upande ule wa ua wa minyaa hakuna tena anayekuja kuomba moto.